Ukweli Nao ni Haki ya Msafiri



Ndugu msomaji, kila tunapofundishwa zaka hutajiwa makundi manane yanayostahiki kupewa, na la mwisho kati ya hayo ni msafiri, yule anayeitwa ibnu sabili, mwana wa njia. Tangu nilipokuwa madrasa kwetu Buwenge nimelihesabu kundi hilo kwa vidole bila kulifikiria sana. Nilijua kwamba haki ya msafiri ni chakula, maji, mahali pa kulala na nauli ya kumfikisha kwao. Leo nataka tuulizane swali moja tu: je, mtu aliye njiani ana haki pia ya kuambiwa ukweli? Nauliza kwa sababu mimi mwenyewe nilimnyima msafiri haki hiyo, tena nikalipwa.

Buwenge iko kando ya barabara ya kutoka Jinja kwenda Kamuli. Likizo inapofika, vijana wengi wa kwetu huenda kukata miwa na kuipakia kwenye malori. Mimi, baada ya mwaka wangu wa kwanza hapa Mbale, binamu yangu alinipatia kazi Jinja, kwenye boti zinazowapeleka watalii kuona chanzo cha mto Nile. Kazi yangu ilikuwa kugawa jaketi za kuokolea na kuwashika mkono wazee wanapopanda. Baada ya wiki mbili nikaruhusiwa kusema. Na kusema, ndugu zangu, ndiko kwenye bahashishi.

Maneno nilifundishwa na kijana aliyenitangulia, naye alifundishwa na aliyemtangulia. Unaanza na Mwingereza John Hanning Speke, aliyefika hapo tarehe 28 Julai 1862. Unaeleza kwamba maporomoko aliyoyaona, akayaita Ripon, yalizama lilipojengwa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Unawaonyesha sanamu ya Gandhi, kwa kuwa sehemu ya majivu yake ilimwagwa pale mwaka 1948. Unasema maji haya yatatumia miezi mitatu kufika bahari ya Mediterania. Kisha boti inafika mahali ambapo maji yanachemka kama sufuria, unanyoosha kidole na kusema: "Hizi ni chemchemi kutoka chini ya ardhi. Asilimia 70 ya Nile ni maji ya ziwa, na asilimia 30 inatoka hapa." Hapo simu zote hutolewa mifukoni.

Siku moja alipanda mama mmoja kutoka Uholanzi, wa umri wa bibi yangu. Hakutoa simu, alitoa daftari. Nilipomaliza maneno yangu akanisogelea, akaanza kunisimulia safari zake. Mwaka uliotangulia alikuwa amesafiri kwa meli katika mto Danube, kutoka Passau hadi Budapest. Alinieleza kwamba meli hizo ni ndefu, zina vyumba vya kulala na mahali pa kula, na mtu hulala usiku katika mji mmoja akaamka katika mwingine. Katika wiki moja alipita Ujerumani, Austria, Slovakia na Hungary.

"Ilikuwa safari nzuri," akaniambia, "lakini nilipita mbele ya maelfu ya nyumba na sikuingia hata moja. Ninachokijua kuhusu watu wale ni kile alichoniambia kijana aliyeshika kipaza sauti. Ilinibidi nimwamini."

Kisha akacheka, akaniambia kwamba hata Danube ina ugomvi wa chanzo. Katika mji wa Donaueschingen, kusini mwa Ujerumani, kuna kidimbwi kilichojengewa ukuta wa mawe na kuwekewa sanamu, na watu huambiwa kwamba mto unaanzia pale. Lakini wenyeji wa Furtwangen, juu zaidi milimani, wanasema kijito chao cha Breg ndicho kirefu zaidi, kwa hiyo mwanzo wa kweli ni kwao. "Ndiyo maana nakuuliza," akasema, kalamu iko tayari. "Hiyo asilimia 30, ni nani aliyeipima?"

"Wanasayansi, madamu."

"Wa wapi?"

"Wa Makerere," nikajibu bila kupepesa macho.

Akaandika. Tulipofika gatini alinipa shilingi 50,000, akanishukuru kwa mikono miwili. Mzee anayeshika injini, ambaye Kiingereza chake si kingi lakini neno Makerere analijua, alikuwa amesikia. Mama yule alipoondoka akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hao wa Makerere walikuja lini? Mimi niko hapa tangu enzi za Amin, sijawaona."

Sikuwa na jibu. Lile la asilimia 30 nilikuwa nimelirithi, ningeweza kujitetea kwamba nilidanganywa nami nikadanganya. Lakini Makerere niliwaleta mimi mwenyewe, kwa ulimi wangu, ndani ya nusu dakika, ili nisionekane sijui.

Niliporudi chuoni niliingia maktaba kutafuta habari za ziwa letu. Hesabu ile ya 30 sikuikuta kwa mtu yeyote aliyepima. Nilichokikuta kilinifanya nifunge kitabu na kuketi kimya. Sehemu kubwa ya maji yanayoingia Ziwa Viktoria, zaidi ya robo tatu, ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mito yote huleta kiasi kidogo kinachobaki, na mkubwa kuliko yote ni Kagera, ambao vijito vyake huanzia katika milima ya Burundi na Rwanda. Yaani maji yanayopita Jinja yakielekea Sudan na Misri, mengi yake yalishuka kutoka mawinguni. Ni rehema ya Mola iliyokusanywa katika bakuli moja kubwa, kisha ikamwagika kwa upande wa kaskazini. Subhanallah! Nilikuwa nimeuza uongo wakati ukweli ni mzuri kuliko uongo huo, tena unamkumbusha mtu Muumba wake.

Nilimsimulia ndugu ninayekaa naye chumba kimoja. Yeye anasoma sheria na anapenda mjadala. Akanipa hoja tatu, nami naziandika kwa haki kwa sababu najua wengi wenu mnazo.

Kwanza alisema kwamba watalii wanajua hizo ni hadithi za kuwafurahisha, kwa hiyo hakuna anayedanganyika. Nikamjibu: mtu anayejua kwamba anasimuliwa ngano haulizi ni nani aliyepima. Mama yule aliuliza, na akaandika. Tunapokaa na bibi jioni akatusimulia habari za sungura na fisi, sote tunajua tuko wapi. Katika boti ni mmoja tu ndiye aliyejua.

Pili alisema hakuna aliyepata hasara. Hakupoteza shamba wala ng'ombe. Hii ilinisumbua zaidi, kwa kuwa ni kweli mama yule hakuibiwa mali. Lakini tazama alichokuja kukitafuta. Amelipa nauli ya ndege, amevuka bahari, amepanda mtumbwi katika umri wake, ili aone na ajue. Mola wetu ametuhimiza katika Kitabu chake tutembee katika ardhi tukaangalie. Kama faida ya safari ni kujua, basi anayemuuzia msafiri habari ya uongo amemnyang'anya kile kile alichokijia, akamwachia gharama.

Tatu alisema: "Wewe ni maskini na yeye ni tajiri." Nikamwambia kwamba wanazuoni wametutajia mahali pachache ambapo ulimi hupewa nafasi: kupatanisha waliogombana, vita, na maneno ya mume na mkewe. Bahashishi haimo. Alicheka, lakini hakunijibu tena.

Hapo ndipo nilipoelewa maneno ya mama yule kuhusu kijana wa kipaza sauti. Mwenyeji akidanganywa sokoni Buwenge, kesho atauliza kwa jirani, keshokutwa atamjua mwongo na kumwepuka. Msafiri hana jirani wala kesho. Maji yanampitisha. Kila anachokijua kuhusu ukingo wa mto ni amana iliyowekwa katika kinywa cha mtu mmoja asiyemjua. Nadhani hii ndiyo sababu dini yetu imemhesabu pamoja na mafukara na wenye madeni hata kama kwao ana mali: awapo njiani, yuko mikononi mwa watu.

Speke mwenyewe alikuwa msafiri wa namna hiyo. Kila siku nilikuwa nikisema kwamba "aligundua" chanzo. Tarehe ninayoitaja ni sahihi, lakini Wasoga walikuwa wakivua samaki katika mto huo na kuuita Kiira kabla Speke hajazaliwa. Na katika msafara wake alikuwemo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekamatwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, kisha akarudi Zanzibar akiwa huru. Speke alizungumza naye Kihindustani, naye Bombay akazungumza na watu wa msafara kwa Kiswahili. Mengi ambayo Mwingereza yule aliyajua njiani yalipita kwanza katika masikio na kinywa cha Bombay na wenzake. Baadaye Bombay alisafiri na Stanley, kisha akavuka bara zima pamoja na Cameron. Katika muda wote niliofanya kazi ile sikumtaja hata mara moja. Huo nao ni upungufu wa ukweli. Nusu ya habari, ikisemwa kila siku kana kwamba ni nzima, huwafuta watu.

Basi nikaenda kwa sheikh wetu baada ya sala ya Alasiri, nikamuuliza namna ya kutubu. Tunajua kwamba kosa linalohusu haki ya mtu halimalizwi kwa istighfari peke yake, ni lazima haki imrudie mwenyewe. Lakini mwenyewe yuko wapi? Sina jina lake kamili, sina namba yake. Huenda daftari lile liko kabatini Uholanzi, na jina la Makerere ndani yake. Ukimdanganya jirani unaweza kumfuata mlangoni kwake. Ukimdanganya msafiri, uongo wako unapanda naye ndege.

Sheikh alinyamaza kidogo, kisha akaniambia maneno mafupi: "Mwombee heri, na mwombe Mungu msamaha. Halafu rudi mahali pale pale uliposema uongo, ukaseme ukweli. Aliyeficha, toba yake ni kubainisha."

Likizo iliyofuata nilirudi. Nilipofika kwenye maji yanayochemka nikasema: "Wengi huambiwa kwamba hapa kuna chemchemi zinazotoa asilimia 30 ya mto. Nami nilikuwa nikisema hivyo. Sijaona aliyepima. Lakini nitawaambia habari ya mvua." Nikawaeleza, nikamtaja na Bombay, na milima ya Burundi na Rwanda. Wengine walipenda sana, wakauliza maswali. Wengine walikunja uso, kwa sababu walikuja kupiga picha mwanzo wa mto, na mimi nikawaambia mwanzo uko mawinguni na katika nchi nyingine mbili.

Sitawadanganya tena kwa kusema kwamba ukweli ulinitajirisha. Mwenye boti alisikia, akasema nawaharibia wenzangu biashara. Akanirudisha kwenye kugawa jaketi, na maneno akampa kijana mwingine. Likizo ile nilirudi Mbale na pesa ambazo hazikutosha, mjomba akauza mbuzi ili nimalizie ada. Mara kwa mara najiuliza kama mbuzi yule alikuwa wangu wa kumtoa, maana ukweli niliusema mimi, gharama akalipa mjomba. Swali hilo sijalimaliza. Ninachojua ni kwamba siku ya mwisho mzee wa injini alinipa sangara mzima nipeleke nyumbani, akaniambia, "Sasa hata mimi nimeijua habari ya mvua."

Ndugu zangu wanafunzi, si lazima uwe kwenye boti. Mwanafunzi mpya anayeteremka kwenye takisi hapa Mbale akiwa na godoro kichwani ni msafiri. Mzee kutoka kijijini anayekuuliza ofisi ya hospitali iko wapi ni msafiri. Anayejiandaa kwenda Hija na kukuuliza bei kwa kuwa wewe umesoma ni msafiri. Wote hao wanauliza kwa kuwa hawana njia nyingine ya kujua. Ukiwa hujui, sema sijui. Neno hilo ni fupi, nami lilinishinda mbele ya bibi mmoja mwenye daftari.

Na hapa chuoni, mvua ikinyesha juu ya Mlima Elgon na mto Namatala ukajaa, kumbuka kwamba maji hayo nayo yanateremka hadi Mpologoma, yanaingia Ziwa Kyoga na kukutana na Nile. Wenye boti hawayataji, lakini yamo.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie ndimi za kweli, awalinde walio njiani, na atusamehe kwa wale tuliowakosea tukashindwa kuwapata. Amin.

Wabillahi tawfiq.