Kinga Iliyofichwa

Twawaona vijana wetu wa Bukoba na Muleba wakijiweka tayari kwa mchezo wa mpira. Mchezaji hutia kinga ugokoni, huvuta soksi juu yake, kisha huvaa viatu vya njumu na kukaza kamba. Watazamaji wa Kaitaba husifu viatu, kinga hawaioni. Lakini tangu mwaka 1990 sheria za mpira zaiagiza, nayo sharti ifunikwe na soksi. Wako wavaao kinga ndogo mno, kusudi waonekane wepesi. Teke lijapo, mfupa ndio ulipao.

Mtume Paulo naye, alipowaandikia Waefeso habari za silaha za Mungu, hakuisahau miguu.

Siku ya Kipaimara twaona nguo safi na viatu vipya, nasi twafurahi. Je, chini yake mna sala ya sirini, na Neno lililoshikwa moyoni? Kijana aendapo Mwanza kutafuta kazi, teke litamjia huko tusipokuwapo. Basi, enyi wazazi na walimu, yatupasa kumfunga kinga kwanza, ndipo tumpe viatu. Bwana atusaidie. Amina.