Bei ya Mwisho Ngapi?

Ujumbe wa kwanza uliingia dakika nne baada ya tangazo kupanda. "Bado iko?" Kabla sijajibu, wa pili ukafika: "Bei ya mwisho ngapi?" Hakuna salamu, hakuna jina. Kama umewahi kuuza kitu mtandaoni, hata kochi, unawajua hawa watu. Sikuwakasirikia. Kilichonikwaza ni kwamba sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeandika shilingi 850,000, lakini ungeniuliza hiyo namba imetoka wapi, ningebabaika.

Gari lilikuwa la marehemu baba: Peugeot 504 ya mwaka 1979, rangi ya maziwa. Ukiwa rika langu, huenda unaijua kwa picha tu. Ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, mwaka uliofuata ikateuliwa Gari Bora la Mwaka barani Ulaya, kisha ikaja kwetu ikawa kama mzaliwa. Ilishinda Safari Rally mwaka 1975, ikashinda tena 1978. Iliunganishwa hapa hapa Kenya. Zile ndefu za nyuma zilibeba abiria wa masafa, na wazazi wetu bado wanasema "tulipanda Pijo" bila kueleza zaidi.

Baba aliinunua mtumba mwaka 1991 na kuiendesha mpaka ugonjwa ulipomzuia. Kuanzia 2011 ilikaa chini ya mparachichi nyumbani Limuru, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Alipofariki, mtu wa skrapu alikuja akataka kuinunua kwa kilo. Mama alinyamaza. Mimi nikasema hapana, nikakodisha lori la kuvuta, nikaipeleka kwa fundi mmoja mzee wa Pumwani ambaye alinitazama kwa huruma na kuniuliza kama nina kazi.

Nilikuwa na kazi. Nilikuwa pia na Sacco. Nikachukua mkopo wa shilingi 400,000, wenzangu wawili ofisini wakanidhamini kwa akiba zao. Miaka minne ikaenda hivyo. Bodi na rangi, 260,000. Injini kufunguliwa na kufungwa upya, 145,000. Breki na miguu, 95,000. Vioo na raba zake, 62,000. Viti, 48,000. Halafu yale madogo ambayo hakuna anayekuonya: taa, nati, nyaya, soda za mafundi, teksi za kwenda Kirinyaga Road kutafuta spea Jumamosi asubuhi. Nilipojumlisha, nilifika 740,000 nikafunga daftari.

Hiyo ndiyo njia ya kwanza ya kupanga bei: gharama. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Aliyeunda anadai jasho lake. Inaonekana haki kabisa, mpaka uiangalie kutoka upande wa pili. Mnunuzi hakuniomba nikose akili kwa miaka minne. Nusu ya zile pesa zililipia makosa yangu: rangi niliyoipaka mara mbili kwa sababu ya haraka, raba za mlango zilizokuwa za gari jingine. Nikimwambia mgeni alipe 740,000 kwa sababu mimi nilitumia 740,000, ninamuuzia gari pamoja na ujinga wangu.

Njia ya pili ni soko. Nenda mtandaoni, tafuta yanayofanana na lako, ona yanauzwaje. Shida ni kwamba yanayofanana hayafanani. Nilikuta moja la 350,000 lenye injini ya Toyota, na jingine la 700,000 lililokaa kwenye tangazo hadi picha zikawa na umri wake. Kumbuka pia kwamba kwa kawaida gari lililotumika haliingizwi Kenya likizidi miaka minane. Mazee tuliyo nayo ndiyo hayo hayo, na kila mwaka mengine yanaliwa na kutu. Binamu yangu, ambaye ana biashara ya simu na haamini kitu kisicho na bei, alinitumia habari ya Mercedes-Benz ya mwaka 1955 iliyouzwa mwaka 2022 kwa yuro milioni 135. "Ona," akaandika. "Uzee ni pesa." Nikamjibu kwamba ziliundwa mbili tu dunia nzima, na hata moja haikuwahi kutagiwa mayai.

Ilibaki njia ya tatu, ile nilipokuwa nimeificha hata kwangu mwenyewe. 850,000 toa 740,000 ni 110,000. Hiyo 110,000 ilikuwa baba. Ilikuwa safari za Krismasi, harufu ya petroli kwenye koti lake, mkono wake ukigonga usukani akisubiri taa za Museum Hill. Nilikuwa ninamtoza mtu nisiyemjua shilingi 110,000 za huzuni.

Je, hilo ni kosa? Thomas Aquinas, mtawa na mwanafalsafa wa karne ya 13, alilichambua swali hili, na jibu lake lina pande mbili. Muuzaji akiwa ataumia kwa kuachana na kitu, anaweza kudai zaidi ya thamani yake ya kawaida, maana hasara hiyo ni yake kweli. Lakini kama ni mnunuzi tu anayekihitaji mno, na muuzaji haumii zaidi, muuzaji hana haki ya kupandisha bei kwa sababu ya uhitaji huo. Uhitaji wa mwenzako si mali yako. Utauzaje kisicho chako?

Nilipoisoma niliona nimepewa ruhusa. Naumia, basi nidai. Lakini nilivyoendelea kulala na ile hoja, niligundua kwamba gari lile halikuniumiza nikiachana nalo. Baba ndiye aliyeniumiza, na yeye alikuwa ameshaondoka, niuze nisiuze. Basi nikashusha hadi 680,000, nikahisi nimekuwa mtu mwema. Hiyo ilikuwa sehemu rahisi.

Wiki mbili baadaye akaniandikia mwanamke mmoja kutoka Nakuru. Alianza kwa salamu, jambo lililonishtua. Alisema baba yake aliendesha Pijo kama hiyo ya abiria kwa miaka mingi, na kwamba aliionyesha picha zangu kwa mama yake, wakakaa kimya. Hakuuliza bei ya mwisho. Aliuliza kama 680,000 inaweza kulipwa kwa awamu mbili.

Nilimwonyesha binamu ule ujumbe. Akacheka. "Huyu ameshikwa. Mwambie kuna mtu wa harusi amefika 750. Atapanda."

Nilikataa, na wakati huu sikuhitaji mtawa yeyote kunisaidia. Lakini kukataa uongo mkubwa kulinifanya nijisikie msafi kiasi cha kusahau ule mdogo. Mdogo ulikuwa ndani ya picha.

Nilipiga picha 31, saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelala upande. Mwanga huo unasamehe kila kitu. Picha ya saba ilionyesha dashibodi, na kwenye dashibodi mita ilisoma kilomita 61,000 na kitu. Ile mita si ya gari lile. Ya kwanza ilikufa zamani, baba akaendesha miaka bila hesabu, na mimi nikanunua nyingine kuukuu kwa sababu shimo kwenye dashibodi lilikuwa linatia aibu. Katika tangazo sikuandika kilomita popote. Sikudanganya kwa neno hata moja. Niliweka tu picha, nikamwachia mtu ajidanganye mwenyewe.

Na kulikuwa na sakafu. Chini ya miguu ya dereva, kutu ilikuwa imekula hadi ukaona barabara. Fundi alikata, akachomelea bati jipya, akapiga puti pembeni, akapaka rangi nyeusi nzito. Ni imara kwa sasa. Kwa miaka mingapi, yeye mwenyewe hakuniapia. Kapeti likatandikwa juu, na picha ya kapeti ikatoka vizuri sana.

"Hajauliza," binamu alisema. Na tusimdharau, kwa sababu hoja yake ni ya kale na ilikuwa na watetezi wazito. Cicero, akimwandikia mwanawe mwaka 44 KK, anasimulia mabishano ya wanafalsafa wawili kuhusu mfanyabiashara aliyeleta nafaka Rhodes wakati wa njaa, akijua kuna meli nyingine nyuma yake zinakuja na shehena. Awaambie watu, au anyamaze auze ghali? Diogenes wa Babeli alisema kunyamaza si kuficha: nimeleta bidhaa yangu, nauza, simlazimishi mtu. Antipater, mwanafunzi wake, alipinga. Cicero akakaa upande wa mwanafunzi. Binamu angekaa na Diogenes, na ningesema nusu ya soko la mtandaoni limekaa pale pia. "Njoo ujionee" ndiyo sheria yetu. Mwenye macho haambiwi tazama.

Lakini sakafu chini ya kapeti haina macho ya kuiona.

Kilichonishika zaidi si Diogenes. Ni wadhamini wangu. Mkopo ulikuwa umebaki 310,000, nami nilikuwa nimeanza kuchelewa. Mmoja wao alikuwa anataka akiba yake alipie karo ya mtoto, na Sacco haikumruhusu kuigusa mpaka mimi nimalize. Nikisema ukweli, mnunuzi akakimbia, anayeumia ni huyu mama wa watu aliyeniamini. Ni rahisi kuwa mkweli kwa pesa zako. Mimi ningekuwa mkweli kwa pesa za mwingine. Kwa siku kadhaa hoja hiyo ilinitosha, na bado naiheshimu. Haikuwa kisingizio tu.

Nilikwenda kwa fundi, nikijidai nataka kumlipa baki la mwisho. Nikamweleza. Hakunihubiria. Alikuwa anafuta mikono, akanikumbusha kisa ambacho kila mtoto wa madrasa anakijua: Mtume alipita sokoni, akaingiza mkono ndani ya rundo la chakula, vidole vikakuta umaji. Akamuuliza mwenye mali ni nini hiki. Akajibiwa kwamba kimenyeshewa na mvua. Akamuuliza mbona hakukiweka juu, watu wakione. "Hakumwambia asiuze," fundi akasema. "Alimwambia aweke juu."

Nikiwa kwenye matatu kurudi nyumbani, mambo yakajipanga. Nilikuwa nikijiuliza nani atalipia ukweli wangu, mimi au wadhamini. Sikujiuliza nani atalipia ukimya wangu. Sakafu ikija kufunguka miaka miwili mbele, gharama itaangukia Nakuru. Yaani ningekuwa nimemchukua yule mwanamke nikamfanya mdhamini wa tatu wa mkopo wangu. Tofauti ni kwamba wale wawili waliitwa, wakaelezwa, wakaweka sahihi. Yeye angenidhamini bila kujua.

Tangu siku ile naamini kwamba bei ya haki haipatikani kwa hesabu peke yake. Anzisha popote: gharama, soko, hata machozi. Taja 560 au taja 850, mradi anayesema ndiyo anajua anasema ndiyo kwa kitu gani. Kumficha kasoro ni kumkopa mtu bila kumuuliza.

Usiku huo nilihariri tangazo. Niliinua kapeti, nikapiga picha ile sakafu kwa tochi, kiraka chote, nikaiweka ya kwanza. Chini nikaandika: mita si ya gari hili, kilomita halisi hazijulikani. Kisha nikamwandikia mwanamke wa Nakuru moja kwa moja, kabla hajaona.

Alisoma. Zile alama mbili za WhatsApp zikageuka buluu. Siku tano hakusema kitu.

Sitaki usome hii kama hadithi ya "ukweli unalipa." Katika zile siku tano tarehe ya mkopo ilipita, nikapigiwa simu mbili kutoka Sacco, na nilijichukia kidogo. Wale wa "bado iko?" walipungua hadi karibu waishe. Mmoja aliandika tu, "Hiyo ni kaburi."

Siku ya sita alipiga simu. Alikuja Jumamosi na kaka yake, fundi wa magari, ambaye alilala chini ya gari kwa dakika ishirini akigonga kwa bisibisi. Alipotoka alisema kiraka ni kizuri ila kitahitaji kazi. Wakasimama mbali wakanong'ona. Wakarudi na 560,000, zote mara moja. Ukweli ulinigharimu shilingi 120,000. Nilikubali. Nikalipa Sacco, nikampigia yule mama wa karo.

Tulihamisha umiliki mtandaoni, yeye kwenye simu yake, mimi kwenye yangu, tukiwa tumeegemea boneti kama watu wanaotumiana picha. Mama alikuwa amekuja kuliaga gari. Hakulia. Alizunguka mara moja, akagusa mlango wa nyuma wa kushoto, ule ambao tangu utoto wetu lazima uuinue kidogo ndipo ufunge.

Gari lilipokata kona, akaniuliza, "Ulimwambia kuhusu mlango?"

"Nilimwambia, Mama."

"Haya," akasema. "Twende tukanywe chai."