Kichwani Mwangu

Nianze kwa kukiri uongo. Mwaka juzi, mwezi wa sita, baridi ya Mbeya ikiwa imekaza, mteja mmoja aligeuzageuza sweta la mtoto nililomfumia, akapitisha kidole juu ya misuko ya kifuani, akaniuliza, "Dizaini hii umeitoa wapi?" Nikamjibu bila kupepesa macho: "Kichwani mwangu." Mama jirani, ambaye ndiye aliyenifundisha kufuma nikiwa kidato cha pili, alikuwa amekaa hatua tatu tu kutoka pale, anachambua mchicha. Hakusema kitu.

Asiyefuma ataona nakuza jambo dogo. Hebu nieleze. Ufumaji wote wa sindano mbili, uwe wa kofia au wa sweta la shule, unasimama juu ya miondoko miwili: kitanzi unakivuta kwa mbele, au unakivuta kwa nyuma. Basi. Cha mbele kinatoka laini, cha nyuma kinaacha kinundu. Ukivipishanisha kimoja kimoja, na safu inayofuata ukageuza mpangilio, unapata vipele kama mtama uliomwagwa ukumbini. Ukivisimamisha viwili viwili unapata zile mbavu za shingoni na mikononi, zinazovutika na kurudi. Chukua kieneo cha vitanzi vinne kwa safu nne, kadogo kuliko kisanduku cha kiberiti: mipangilio inayowezekana ni 65,536. Na hapo hatujagusa msuko! Huo unahamisha vitanzi vitatu kwenye sindano ya tatu, unaviacha vining'inie mbele, unafuma vitatu vinavyofuata, ndipo unavirudia vile vya kwanza. Vinapandana kama nywele mikononi mwa msusi.

Rafiki yangu mmoja, mtunzi wa mashairi, alinitetea sana. "Dizaini haina mwenyewe bwana," akasema. "Huyo mama naye kaitoa kwa mwingine." Utetezi huo niliupenda, nikautafutia na mashahidi. Mmarekani Barbara Walker alikusanya mamia ya mitindo ya kufuma katika kitabu chake cha 1968, na mingi ni ya watu ambao majina yao hayajulikani. Elizabeth Zimmermann, mzaliwa wa Uingereza aliyehamia Marekani akawa bingwa wa fani hii, hakupenda hata kusema kwamba amebuni kitu. Alijitungia neno lake la utani, ambalo mimi ningelisema kwa Kiswahili "kufukua". Aliona kwamba katika mikono yote iliyokwishashika uzi duniani, huenda yupo aliyekifanya kitu kilekile kabla yake. Sasa kama bingwa anasema hivyo, mimi nani wa kuhangaika kumtafuta mwenye msuko?

Lakini tazama ujanja wangu. Bingwa aliitumia hoja ile kujivua sifa. Mimi niliitumia kujivika.

Tena kuna jambo sikumwambia rafiki yangu. Msuko wa mama jirani una kilema. Wafumaji wengi hupishanisha kwa hesabu moja, tuseme kila baada ya safu sita. Yeye hufuma safu sita akapishanisha, sita tena akapishanisha, halafu nane. Aliwahi kunisimulia akicheka kwamba alipokuwa anajifunza alikosea kuhesabu, mkono ukazoea, naye akauacha. Ndiyo maana msuko wake kila baada ya muda unarefuka kidogo, kama mtu anayevuta pumzi. Sweta langu la "kichwani mwangu" lilikuwa na pumzi ileile. Nimeiba mpaka kosa!

Katika tamthilia ya John Millington Synge, Riders to the Sea, ya 1904, kwenye kisiwa kimoja cha magharibi mwa Ayalandi, binti anatambua kwamba maiti iliyookotwa baharini ni ya kaka yake. Anaitambua kwa soksi aliyoifuma mwenyewe: anahesabu vitanzi, anakumbuka na vile vinne vilivyomponyoka. Baadaye ikaenea habari kwamba kila ukoo wa visiwa vya Aran ulikuwa na mtindo wake wa sweta, ili waliozama watambulike. Habari tamu, ila ushahidi wake haujapatikana. Mimi naona Synge alikuwa karibu zaidi na kweli. Mtindo unaweza kuwa wa kijiji kizima, lakini vile vinne vilivyoponyoka ni vya binti yule peke yake.

Wenzangu mnaoandika msicheke. Katika riwaya yangu, sura ya tatu, kuna mjane anayeficha fedha zake kwenye debe la unga na kuzihesabu usiku taa ikiwa imezimwa, kwa vidole. Huyo naye sikumtoa kichwani. Sidai tuache kuchukua. Tukiacha tutaandika nini? Kila mmoja wetu ameanza na uzi wa mwenziwe. Ninachokikataa ni lile jibu langu. Lingenigharimu nini kusema "Nimefundishwa na yule pale"? Labda mteja tu. Na kweli, baada ya sweta lile nililetewa oda tatu kutoka kwa ndugu zake. Kwa mama jirani, ambaye anasomesha kwa sindano hizohizo, hakubisha hodi hata mmoja.

Juma lililopita nikajikaza nikaenda. Nikamwamkia, nikamweleza yote, pamoja na habari ya zile safu nane. Akaendelea kukunja uzi wake, kimya, mpaka bonge likawa kubwa kama chungwa.

"Mwanangu," akasema, "msuko chukua. Lakini siku ile nilikuwa nimekaa palepale."

Mteja wangu anarudi Jumamosi, anataka jingine la mdogo mtu. Nimemwomba mama jirani awepo. Hajanijibu.