Je, Aliyekuja Bila Kuni Ana Haki ya Kuota Moto?

Kwenye ufuko wa Ziwa Mweru, wilayani Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, mvua hukatika mwezi wa Aprili, na ifikapo Juni baridi huwa imekwisha kuingia. Wabemba huiita impepo. Sisi tuliovuka kutoka Kongo tuliita baridi tu. Neno kipupwe nilikuja kulijua katika darasa la Kiswahili. Mchana jua huwaka kama kawaida, lakini ziwa hilo liko zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri upepo hupenya kwenye kuta za nyasi hadi kwenye mifupa.

Familia yangu ilifika katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala mwaka 2018. Nilipoanza sekondari, shule ilikuwa mbali, kwa hiyo wasichana tisa tulipanga kibanda karibu nayo. Tulirudi kwetu Ijumaa na kuja tena Jumapili jioni, kila mmoja na unga wake wa muhogo na mzigo wake wa kuni. Moto ulikuwa mmoja. Hapo tulisonga ugali, tulisoma, tulisukana nywele na kusemana.

Muhula wa pili, wawili kati yetu walizoea kuja mikono mitupu na kukaa karibu kabisa na moto. Ni mimi niliyependekeza sheria: asiye na kuni haoti moto. Wote tuliikubali, na ndani ya wiki moja wale wawili wakaanza kuleta kuni. Nikajiona hakimu mwema.

Mwezi wa Juni akaja msichana wa kumi, mwenyeji wa pale ziwani, anayelelewa na bibi yake. Hakuleta kuni. Alileta dagaa wakavu waliofungwa kwenye kipande cha kitenge. Tukamwambia sheria yetu ni kuni, si dagaa. Hakubishana. Alikaa mlangoni, akajifunika kitenge kilekile, akawa anasoma kwa mwanga uliomfikia kutoka kwetu. Usiku tulimsikia akikohoa. Alifanya hivyo wiki mbili, kisha Jumapili moja hakurudi, wala hakuonekana darasani hadi muhula ukaisha. Sidai kwamba moto wetu peke yake ndio uliomwondoa. Ila najua haukumzuia.

Baadaye nilielewa jambo ambalo ningelijua mapema kama ningeuliza. Kule ufukoni kuni ni adimu, kwa sababu nyingi hutumika kukaushia samaki. Nyumbani kwa bibi yake kuni zilinunuliwa. Sisi wa Mantapala tulikuwa na msitu karibu, na tulikuwa na panga. Sheria yetu ilimtaka kila mtu alete kitu ambacho kwetu kilikuwa cha kuokota na kwake kilikuwa cha pesa.

Wapo watakaosema kwamba bila sheria wavivu huwanyonya wenye bidii. Ni kweli, na ndiyo maana siwezi kusema sheria ile ilikuwa mbaya. Kwa wale wawili ilikuwa haki. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba mikono mitupu ina sababu moja tu. Mvivu na asiye na uwezo hukaa mbele ya moto kwa namna ileile. Huwezi kuwatofautisha kwa kuwatazama, ni mpaka uwaulize.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hutumiwa kumwambia mgeni kwamba muda wa kula bure umekwisha. Lakini tusikilize kitenzi chake. Haisemi mdai mavuno, inasema mpe. Anayetaka mgeni alime ana wajibu wa kutangulia kumpa kifaa cha kulimia. Familia yangu ilitendewa hivyo: tulionyeshwa kipande cha ardhi, tukapewa jembe, ndipo tukaambiwa tujitegemee. Mimi niliyepokelewa na nchi ya watu nikamgeuza mwenye nchi kuwa mgeni, na jembe sikumpa.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Aliyekuja bila kuni ana haki ya kuota moto usiku ule wa kwanza, bila kuulizwa lolote, kwa sababu baridi haingoji. Kesho yake jamii ina haki ya kumuuliza ataleta nini, nayo ina wajibu wa kukubali kile alicho nacho, au kumwazima panga na kwenda naye msituni. Akikataa hata hapo, sheria na imfikie.

Dagaa wale tungewala wote kumi. Jumapili ile tulikula ugali kwa chumvi.