Uboho wa Mtoto na Idhini ya Baba

Mwezi uliopita, darasa la alasiri lilipokwisha, mzee mmoja wa mji wetu huu wa Garissa alikaa mpaka watu wote wakaondoka, kisha akaniletea suali ambalo nilidhani jawabu lake ni jepesi. Mwanawe wa kiume, mwenye miaka 14, ana saratani ya damu. Dawa alizopewa mwanzo zilimletea nafuu, kisha maradhi yakarudi. Madaktari wa Nairobi wamesema lililobaki ni kupandikizwa uboho, na kwa hilo itabidi asafirishwe mpaka Bara Hindi. Ndugu zake wanne wamepimwa, na aliyeafikiana naye ni mmoja tu, msichana wa miaka 9. Mzee akauliza: "Sheikh, ni halali?"

Nikamwambia ni halali. Akanishukuru, akaenda zake kutafuta nauli. Usiku ule sikupata usingizi, kwani niliona nimejibu kwa haraka, kama wengi wetu tunavyojibu tunapoulizwa na mtu mwenye dhiki. Aliyeniuliza ni baba, na jawabu nimempa baba. Lakini mfupa utakaotobolewa si wake.

Yafaa kwanza tueleze jambo lenyewe, maana wako kati yetu wanaosema hadi leo kuwa maradhi haya ni jicho au shetani, na watu hao wamekwisha kula mbuzi wengi wa wagonjwa kwa hirizi na kombe huku maradhi yakizidi. Ndani ya mifupa yetu, khasa ya nyonga, mna uboho. Na ndani ya uboho mna chembe ambazo madaktari huziita seli shina, kwa kuwa chembe zote za damu huchipuka kwazo. Saratani ya damu ni kuharibika kwa baadhi ya chembe hizo, zikawa zinazaana bila ya mpaka na kuzisonga zilizo nzima. Mgonjwa hupewa dawa kali, pengine na miale, za kuua uboho wake, kisha hutiwa mshipani uboho wa mtu mwingine, nao kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu huijua njia ya kwenda mifupani. Ukishika, damu ya mgonjwa hutoka kwa yule aliyempa. Hata kundi lake la damu hugeuka likawa la mtoaji.

Kazi hii haikupatikana kwa urahisi. Daktari E. Donnall Thomas wa Marekani aliianza katika miaka ya 1950, na wagonjwa wake wa mwanzo wakafa karibu wote. Alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990 ilikuwa imepita miaka zaidi ya thelathini. Kwetu Afrika Mashariki imefika karibuni. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza mwaka 2021 kwa njia ya kumrudishia mgonjwa chembe zake mwenyewe, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza mwaka 2023 kuwapandikiza watoto wenye selimundu uboho wa ndugu zao. Kwa hiyo suali la mzee wetu si la Garissa peke yake, wala halitakuwa la mwisho.

Na kwa nini atafutwe ndugu? Kwa sababu chembe ngeni zisipoafikiana na mwili, ama mwili huzikataa, ama zenyewe humgeukia mwenyeji wao zikamla ngozi, ini na matumbo. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja tu katika nne ya kuafikiana kwa ukamilifu. Yako madaftari ya watu wa mbali waliojitolea, lakini hesabu iliyotolewa Marekani mwaka 2014 ilionyesha kuwa mtu mwenye asili ya Ulaya alikuwa na nafasi ya takriban 75 katika mia kumpata wa kuafikiana naye kwa ukamilifu, na Mwafrika takriban 18. Waliojiandikisha wenye asili yetu ni wachache. Basi uzito ambao watu wazima elfu wangeugawana unamwangukia binti wa miaka 9.

Sasa tuingie katika hukumu. Wanazuoni wa Baraza la Kimataifa la Fikihi waliokutana Jeddah mwaka 1988 walijuzisha kuchukua kwa mtu hai kile kinachojirudisha chenyewe, kama damu na ngozi, wakashurutisha mtoaji awe mtu mwenye ukamilifu wa kuamua. Uboho nao hujirudisha, lakini mtoto hana ukamilifu huo. Baraza la Fikihi la Makka, katika kikao cha mwaka 2003, lilizungumza wazi wazi juu ya seli shina, likaruhusu hata kwa watoto, kwa idhini ya walii na bila ya kumdhuru mtoto. Juu ya kauli hii ya pili ndipo nilipomjibu mzee, na sijairudi. Lakini neno "idhini ya walii" twalipitia kwa wepesi kuliko linavyostahili.

Tazama, ndugu msomaji. Walii wa mtoto, katika fikihi tuliyosomeshwa, ni mwenye kuchunga. Lau binti huyu amerithi mbuzi ishirini kutoka kwa mama yake, baba hana ruhusa ya kumpa mtu sadaka hata mmoja katika hao, ijapokuwa anayepewa ni kaka yake na ana njaa. Kwani tabarui katika mali ya mtoto haifai, na walii hutenda lile lenye maslaha kwa mtoto tu. Ikiwa mbuzi hana amri naye ya kumtoa, atakuwaje na amri ya kutoa kilichomo ndani ya mfupa?

Watasema: mbuzi hamrudi, na uboho hurudi. Ni kweli. Mtoto hulazwa kwa dawa ya usingizi, sindano huingizwa katika mfupa wa nyonga kwa nyuma, na kinachotolewa mwili hukirudisha katika wiki chache. Maumivu ni ya siku kadhaa, na madhara makubwa ni nadra. Nadra, lakini yapo, na dawa ya usingizi si maji ya mtungi. Watasema tena: maslaha ya binti yamo, kwani kubaki na kaka yake hai ni faida kwake kubwa kuliko mbuzi elfu. Hoja hii naikubali, na ndiyo inayoniponya. Lakini naikubali pale tu inapokuwa ni kweli kwa binti yule khasa: awe anampenda kaka yake, awe amelelewa naye, na tiba iwe na tamaa ya kweli ya kufaa. Faida ya mtoto haibuniwi na sisi kwa sababu twaihitaji.

Na hapa pana kitu kilichonisumbua zaidi. Baba huyu ana watoto wawili katika mizani moja. Sisi tunaosoma fikihi twajua kuwa ushahidi wa mzazi kwa mwanawe haukubaliwi, na sababu si kuwa mzazi ni mwongo. Sababu ni mapenzi. Basi mapenzi hayohayo yanayoubatilisha ushahidi wake mbele ya kadhi tutayaachaje yawe ndiyo hakimu pekee juu ya mwili wa binti, ilhali mwana anakufa mbele ya macho yake? Madaktari wa watoto wa Marekani, katika waraka wao wa mwaka 2010, walishauri awepo mtu mwingine wa kumsemea mtoto anayetoa, asiyekuwa na jukumu la kumtibu mgonjwa. Walitaka pia itazamwe kwanza kama hakuna mtu mzima wa ukoo anayefaa sawasawa naye na aliye radhi. Hawa si watu wa dini yetu, lakini katika jambo hili naona wameiona hatari ambayo mimi, baada ya kukariri vitabu miaka yote hii, niliipita usiku mmoja bila ya kuiona.

Nikamwita mzee tena. Nikamuuliza kama yeye na mama mtoto wamepimwa, kwa kuwa siku hizi hata nusu ya kuafikiana yaweza kutumika. Akasema wamepimwa, na daktari ameona wa dada ndio bora. Nikamuuliza kama binti ameambiwa. Akainamisha kichwa. "Ameambiwa atapanda ndege."

Nikamweleza jambo moja ambalo wengi hawalijui. Siku mgonjwa anapomaliza kupewa zile dawa kali, uboho wake umekwisha kufa, na bila ya ule mwingine naye atakufa. Mtoaji akirudi nyuma siku hiyo, amemwua. Kwa hiyo ikiwa "hapana" ya binti ina maana yoyote, wakati wake ni sasa, hapa Garissa, kabla ya ndege. Na akiulizwa huko, ameulizwa mlango ukiwa umekwisha kufungwa. Tena asiambiwe kuwa kaka atapona. Aambiwe huenda akapona, na kwamba akifa, hakufa kwa ubaya wa uboho wake. Maana wako watoto waliobeba dhana hiyo mpaka ukubwani.

Mzee akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema: "Na akikataa, Sheikh?" Nikamwambia asilazimishwe, na wao wa nusu waendelee. Sikuona raha kuyasema maneno hayo. Ni rahisi kuyaandika hapa kuliko kumwambia mtu ambaye mwanawe nilimfundisha juzuu ya Amma.

Waliomchagua kumsemea binti ni mama yake mdogo, mwalimu wa shule, aliyekaa naye siku mbili. Mzee alirudi Ijumaa. Akasema binti amekubali, lakini ameuliza masuali mawili. La kwanza, kama atakuwa amelala sindano ikiingia, wakamjibu ndiyo. La pili, kama baada ya hapo kaka atakuwa na deni kwake, maana yeye hataki adaiwe. Hilo mzee hakuweza kulijibu, akalileta kwangu, na tukakaa tukilizungumza mpaka adhana ya magharibi.