Nimeshakisoma

Hakuna mtu anayezima redio kwa sababu wimbo unaopigwa ameshausikia. Aghalabu huongeza sauti, na akiwa peke yake huimba mbele ya mwimbaji, neno linalokuja akiwa nalo tayari mdomoni. Mtu huyohuyo ukimpa riwaya atakurudishia papo hapo: ameshaisoma. Wala hatumshangai, tunamtafutia nyingine. Mimi naona anastahili kushangaliwa, kwa kuwa ndani ya jibu lake fupi mna nadharia nzima kuhusu kitabu ni kitu gani, na nadharia hiyo siiamini.

Nadharia yenyewe inasema kwamba kitabu ni habari. Mwandishi anajua jambo, msomaji halijui; mwandishi analificha kurasa mia mbili kisha analitoa, na likishatoka, hawadaiani tena. Kwa hesabu hiyo anayesoma mara ya pili ni sawa na mtu anayefunua gazeti la juzi. Ndiyo maana tunamkasirikia anayetukatia uhondo, kana kwamba ametuibia. Kule London mchezo wa Agatha Christie uitwao The Mousetrap ulianza kuoneshwa mwaka 1952, na hadi leo ukimalizika watazamaji huombwa wasiwaambie walio nje muuaji ni nani. Ombi hilo limeshakuwa sehemu ya mchezo.

Basi tuipe nadharia hii uwanja unaoifaa zaidi, yaani riwaya ya upelelezi. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alipata ushindi wa kwanza katika mashindano ya uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, nacho kikachapishwa 1960. Humo ndimo Waswahili walipokutana na Bwana Msa na kiko chake, na rafiki yake Najum, ambaye kazi yake kubwa ni kushangaa kwa niaba yetu. Kama kuna kitabu kinachotakiwa kife siku msomaji anapomjua muuaji, ni cha namna hii.

Hakifi. Nimekirudia mara kadhaa, na kila mara nakikuta kimehama. Usomaji wa kwanza nilikuwa nyuma ya Najum, nikiduwaa anapoduwaa. Uliofuata nilijikuta upande wa Bwana Msa: najua nani anasema uongo, na raha yote iko katika kumtazama anavyousema, namna anavyojibu swali ambalo hakuulizwa na kuliruka aliloulizwa. Baada ya hapo niliacha hata kufuata kesi. Nikawa nasikiliza tu Kiswahili cha Unguja, watu wanavyozungushana kwa adabu, dharau inavyotolewa kwa upole mpaka aliyetolewa anaondoka akishukuru. Yote hayo yalikuwamo tangu mwanzo. Shauku ya kumjua muuaji ndiyo iliyokuwa ikinipitisha mbio.

Christie naye ana riwaya ya 1926, The Murder of Roger Ackroyd, ambayo ukishaijua siri yake (siitaji hapa, wasioisoma wasije wakanilaani) hubadilika chini ya macho yako. Hakuna herufi iliyoongezwa, lakini sentensi zilizokuwa nyeupe sasa zina kivuli. Kusema kweli, mtu aliyekisoma kitabu kile mara moja amekisoma nusu, tena nusu iliyo rahisi.

Lakini mpaka hapa nimeeleza tu kwamba usomaji wa pili unaleta mambo mapya, na mtetezi wa nadharia ya habari anaweza kunikubalia bila kuhama alipo: atasema kitabu kilikuwa na habari nyingi kuliko ulivyodhani, umezichukua kwa safari mbili. Kinachomshinda ni jambo jingine. Ni kwamba hata yale ya zamani, yasiyo na jipya lolote, bado yanatushika. Nafika ukurasa ninaoujua, mlango unakaribia kufunguliwa, na nyuma ya mlango najua kuna nani. Moyo unanienda mbio vilevile. Wanafalsafa wamelihangaikia fumbo hili, maana wasiwasi unahitaji kutojua. Mtu anayejua atawezaje kuwa na wasiwasi?

Wako wanaojibu kwamba tunasahau. Jibu hili linavunjwa na mtoto yeyote anayesimuliwa hadithi ileile kila usiku. Bibi akiruka kipande, mtoto humkatiza na kumrudisha nyuma. Hajasahau hata neno moja. Zimwi linapokaribia, hujikunyata palepale alipojikunyata jana. Wengine husema tunajifanya hatujui, tunacheza. Hapo pana chembe ya ukweli, ila mimi nikiwa katikati ya ukurasa ule sijioni nikijifanya chochote. Kujifanya ni kazi, na mtu huijua kazi anayoifanya.

Ninaloliona ni kwamba kuujua mwisho na kulijua jambo ni vitu viwili. Watu wa Athens walioketi kuitazama tamthilia ya Sofokile, ambayo Samuel Mushi ametupa kwa Kiswahili kwa jina la Mfalme Edipode, walikuwa na habari zote: ni kesi ya mauaji ambamo kila mtu uwanjani anamjua muuaji isipokuwa mpelelezi, kwa kuwa mpelelezi ndiye muuaji. Aristotle alipoandika kuhusu tanzia aligusia kwamba hata visa vinavyojulikana vinajulikana na wachache, na bado vinawafurahisha wote. Alilitaja hilo kwa kupita. Mimi ningelikaa juu yake. Kama anayejua na asiyejua wanafurahi pamoja, upya wa habari hauwezi kuwa ndicho chanzo cha furaha.

Na kwetu? Mwaka 1728 huko Pate Mwengo wa Athumani alitunga Utendi wa Tambuka, beti juu ya beti za vita vya Waislamu na majeshi ya Herekali, mfalme wa Rumi. Msikilizaji gani wa Pate alikuwa na shaka kuhusu nani atashinda? Tendi hazikutungwa ili mtu ajue kilichotokea. Zilitungwa ili kitokee tena, kwa sauti, mbele ya watu, kwa muda uleule ambao jambo linahitaji. Hapo ndipo penye ufunguo, nadhani. Kujua kwamba jeshi litashinda ni jambo la sekunde moja, linakaa kichwani bila kuchukua nafasi. Lakini vita vina urefu wake, na urefu hauhifadhiki kichwani. Kila anayetaka kuupata lazima autoe upya katika saa zake mwenyewe. Wasiwasi wangu mbele ya ule mlango hauhusu kilichoko nyuma yake. Umo katika hatua za anayeuendea, na hatua hizo hakuna awezaye kuzijua bila kuzipiga.

Desturi iliyolifahamu hili kuliko zote katika pwani yetu ni ya chuo cha Kurani. Mtoto akihitimu juzuu thelathini watu husherehekea, huliwa na kunywewa. Kisha je? Kisha huanza tena. Wengi wanaohitimisha msahafu, wakishafika mwisho wa sura ya mwisho, huwa na ada ya kurudi hapohapo kwenye Fatiha na aya za mwanzo za Baqara, ili pasiwe na pengo baina ya kumaliza na kuanza. Sidai kwamba riwaya ni msahafu, na anayezilinganisha hajui moja wala jingine. Nasema tu kwamba jamii iliyolelewa katika usomaji wa namna ile haikuwa na sababu ya kuja kuamini kwamba kusoma kitabu ni tendo la mara moja. Imani hiyo tumeipata kwingine.

Tumeipata shuleni, na hapa pingamizi kubwa linaningoja. Mwanafunzi wa kidato cha nne anakisoma kitabu teule mara tatu au nne, anajua nani alimwambia nani na wapi, na siku ya mwisho ya mtihani anakiuza kwa anayemfuatia darasani asitake kukiona tena maishani. Kama kurudia ni kuzuri hivyo, mbona huyu kurudia kumemuua? Kenya, Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka 1996, ilisomwa na vijana wengi mno, na pembeni yake, kama ilivyo kwa kila kitabu teule, palikuwa na miongozo inayokupa muhtasari, maudhui, wahusika na mbinu za lugha bila kukusumbua na riwaya. Wapo waliotoka wakimpenda mhusika wake Msanifu Kombo mpaka leo. Wapo ambao kilichobaki kwao ni kumbukumbu ya dondoo.

Tofauti yao haiko katika idadi ya kusoma. Mwongozo ni nadharia ya habari iliyochapwa na kupigwa bei: unadai kwamba kilichomo kitabuni kinaweza kutolewa nje kikabaki kizima. Anayerudi kitabuni kwa nia hiyo anarudia kukagua kama ameacha kitu. Hapitii tena hatua, anahesabu mali. Na kuna anayesoma mara moja tu maishani kwa namna ambayo ukurasa unamrudia kazini, sokoni, kitandani, akabaki anausoma bila kuufunua. Huyo namhesabu miongoni mwa wanaorudia.

Toka hapo naweza kusema neno juu ya ule ugomvi wa zamani wa fasihi dhati na fasihi pendwa, ambao vyuo vikuu vyetu vimeuendeleza miaka mingi. Elvis Musiba na Willy Gamba wake, Ben Mtobwa na Joram Kiango: vitabu vilivyopita mikononi mpaka majalada yakang'oka, na wahakiki wakavipa kisogo kwa kuwa ni vya kuburudisha. Hoja yao ilikuwa kwamba kitabu cha kuburudisha kikishasomwa kimekwisha, ilhali kitabu chenye ujumbe hudumu. Mimi naona mara nyingi ni kinyume. Kitu kinachokwisha upesi kuliko vyote ni ujumbe. Riwaya iliyoandikwa ili tujue kwamba ulevi ni mbaya na tamaa huleta majuto inakwisha mara tu tunapoufahamu ujumbe wake, na kwa kawaida tulikuwa nao kabla hatujaifungua. Ndiyo inayostahili hasa kuambiwa nimeshakusoma.

Shaaban Robert yumo katika hatari hii waziwazi, kwa sababu hakuwahi kuficha kwamba anafundisha. Funzo la Kusadikika, kilichotoka 1951, linaenea katika mstari mmoja. Ila mstari huo hauna ndani yake Karama amesimama barazani, maisha yake yakitegemea subira ya wanaomsikiliza, akiwasimulia mjumbe baada ya mjumbe aliyetumwa upande huu na ule wa dunia akarudi na manufaa, na malipo yake yakawa kifungo. Kurudiarudia kwenyewe ndiyo hoja. Ukikifupisha umekifuta. Halafu kuna Nagona na Mzingile, ambavyo Euphrase Kezilahabi alivitoa 1990 na 1991, vitabu vyembamba ambavyo huwezi kumkatia mtu uhondo wake hata ukitaka, kwa vile hujui uhondo unaanzia wapi. Usomaji wake wa kwanza ni kupapasa gizani. Wengi huishia hapo wakasema hawakuelewa, na wanasema kweli. Ila walichokosa ni usomaji wa pili, si akili.

Nisije nikajifanya mtakatifu. Kuna kurudia kwa lazima, kwa mtu ambaye nyumbani mwao kulikuwa na vitabu vitatu na kimoja hakina kurasa za mwisho, na sipendi waandishi wenye makabati yaliyojaa wanapoupamba uhaba huo kwa maneno matamu. Aliyesoma kimoja mara kumi kwa kukosa cha pili hakufanya falsafa. Alikuwa na njaa. Na kila saa ninayompa tena Bwana Msa namnyima mwandishi ambaye sijamsoma kamwe. Tangu 2022 tuna Paradise ya Abdulrazak Gurnah kwa Kiswahili, Peponi, kazi ya Ida Hadjivayanis, miaka ishirini na minane baada ya kutoka kwa Kiingereza. Baada ya kungoja hivyo, mtu ana haki ya kukimbilia kipya. Pingamizi hili silitatui. Natambua tu kwamba wanaotangaza kila Desemba wamemaliza vitabu hamsini hawaelezi kilichowakuta katika hata kimoja, na kwamba hesabu ya namna hiyo haina safu ya kuandika kitabu kilichorudiwa.

Msomaji mrudiaji kuliko wote ni mfasiri, maana yeye hawezi kuruka hata neno. Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Kaizari mwaka 1963, akiwa ana nchi changa ya kuongoza na Brutus ambaye kisu chake kilikwisha kujulikana karne nyingi. Angeweza kuliacha hapo. Kitabu kilishatoka, kilishasomwa. Akarudi. Kukawa na Muungano, kukawa na Azimio la Arusha, na mwaka 1969 tafsiri ile ikatoka tena ikiwa imesahihishwa, na hata jina la jaladani likafanyiwa kazi: sasa ni Juliasi Kaizari. Mtawala wa Roma amepewa jina la Kiswahili kikamilifu. Mistari michache chini yake, mfasiri mwenyewe amebaki Julius.