KUPIMA NENO LA MSEMAJI

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote ni zake Yeye aliyemfunza mwanadamu kubainisha, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na Aali zake, na Sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Enyi ndugu zangu Waislamu, alinijia kijana mmoja katika waliosoma chuoni kwangu, naye uso umemkunjamana. Ami yake amekufa alfajiri, maziko ni baada ya Adhuhuri, wala hajui aende au asiende. Nikamwuliza, "Ni nani akuzuiaye, mwanangu?" Akasema, "Maalim, jana baada ya Isha tumemsikia mwenye kuwaidhi. Amesoma aya ya 3 ya Sura ya Al-Maida, kwamba dini imekwisha kamilishwa. Kisha akasema kuwa wasomao maulidi wameizidisha dini, basi maiti wao wasisaliwe. Na ami yangu akisoma maulidi kila mwaka. Aya ni ya Mungu, nitaikataaje?" Mzee mmoja aliyekuwapo barazani akamkatiza, "Mwache huyo, ni mgeni, hatumjui kwao."

Ndugu zangu, wote wawili wamekosa. Mzee amempima mtu, neno asilipime. Kijana amelikubali neno la kwanza kwa kuwa ni haki, akalimeza na la mwisho pamoja nalo. Katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa kwamba hata fasiki akituletea khabari tuichunguze. Hatukuambiwa tuitupe, wala hatukuambiwa tuipokee. Na katika Az-Zumar, aya ya 18, wamesifiwa wasikilizao maneno wakafuata yaliyo mema zaidi. Basi kusikiliza ni kazi, wala si kukaa na kutikisa kichwa.

Jambo hili si geni. Baada ya vita vya Siffin, mwaka 37 wa Hijra (657), Sayyidna Ali aliporidhia kuhukumiwa na watu wawili, walimtoka watu katika jeshi lake wakapiga kambi Harura, karibu na Kufa. Neno lao lilikuwa kwamba hapana hukumu ila ya Mwenyezi Mungu. Ni Mwislamu gani atakayelikanusha? Sayyidna Ali mwenyewe hakulikanusha. Alisema kuwa neno ni la haki, bali lililokusudiwa kwalo ni batili. Tazameni jinsi alivyopambanua: neno mbali, na kule linakopelekwa mbali.

Na waliokuwa wakiambiwa neno hilo ni akina nani? Hawakuwa walevi wala wachezaji. Walikuwa wasomaji wa Kurani, wenye alama za sijida nyusoni. Mtu wa namna hiyo hapotezwi kwa uwongo ulio wazi. Hupotezwa kwa kile akipendacho.

Akawaendea Ibn Abbas. Baadhi yao wakasema asijadiliwe, kwa kuwa ni Mkureshi, na Kurani imewataja Makureshi kuwa ni watu wa ugomvi. Aya hiyo, nayo ni ya 58 katika Az-Zukhruf, imewashukia washirikina wa Makka. Nao wakaigeuza juu ya mwana wa ami yake Mtume. Hii ndiyo ada ambayo Ibn Umar aliwalaumu kwayo: kutwaa aya zilizoshuka kwa makafiri wakazitia juu ya waumini.

Ibn Abbas hakuwatukana. Aliwauliza dai lao, wakalitoa kwa mambo matatu. Kwanza, Ali amewafanya watu kuwa mahakimu. Akawakumbusha kuwa Mwenyezi Mungu mwenyewe amewaweka watu wahukumu baina ya mume na mke, An-Nisaa aya ya 35. Pili, katika vita vya Ngamia hakuteka mateka. Akawauliza kama wangemteka Bibi Aisha, naye ni mama wa waumini. Tatu, amelifuta jina lake la Amiri wa Waumini katika mkataba. Akawaambia kuwa Mtume alikubali lifutwe jina la Utume katika mkataba wa Hudaybiya, mwaka 6 (628). Wengi wakarejea. Waliosalia walipigana Nahrawan, mwaka 38 (658), na katika Ramadhani ya mwaka 40 (661) mmoja wa kundi lao akamwua Sayyidna Ali. Neno lililoanza kwa haki likaishia katika damu ya Khalifa.

Nayasema haya kwa mafunzo tu, simwelekezi mtu wa madhehebu yoyote ya leo.

Basi ukimsikia msemaji, ulize mambo matatu. Dalili yake yamhusu nani? Je, yafika pale anapoifikisha, au yeye ameivuta? Na wewe umsikilizaye, ataka uondoke ukafanye nini? Usimfungue kifua ukasema nia yake ni mbaya. Hayo ayajua Mola wake. Pima alilosema na alilotaka litendwe.

Nikamwambia kijana, "Aya ni haki, na dini imekamilika. Katika kukamilika kwake ni kwamba maiti Mwislamu aoshwe, akafiniwe, asaliwe, azikwe, na hiyo ni faradhi ya kifaya. Maulidi wanavyuoni wamekhitilafiana: wako walioyakataa, na Imamu Suyuti, aliyekufa mwaka 911 (1505), ameandika kuyajuzisha. Lakini hata aliyeyakataa, aya hiyo haimpi ruhusa ya kumwacha ami yake pasi na sala." Akaondoka mbio, akawahi jeneza.

Nasi tusemao tuna hesabu yetu. Nilipokuwa kijana nilitoka darasani na khitilafu ya maimamu juu ya kunuti ya Asubuhi, nikaimwaga mbele ya wavuvi. Kila nililosema lilikuwa sahihi. Baada ya siku chache ndugu wawili hawakusali tena safu moja, mmoja akidai sala ya mwenziwe ni pungufu. Niliwapa maneno ya wanafunzi watu waliokuja kutaka adabu ya sala. Nalo onyo la Sayyidna Ali limo katika Sahihi ya Bukhari, kwamba watu wazungumzwe kwa wayajuayo, wasije wakamkadhibisha Mungu na Mtume wake. Nilikuwa nimelisoma, sikulitumia. Kuwapatanisha kulinichukua mwaka mzima.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki kuwa ni haki, uturuzuku kuifuata. Na utuonyeshe batili kuwa ni batili, uturuzuku kuiepuka. Zilinde ndimi zetu na masikio yetu. Amin. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.